Programu Zisizo na Mwenyewe

Shangazi yangu huzima kompyuta yake kila usiku. Hakunji tu mfuniko akaenda kulala. Anaizima hasa, anangoja kioo kiwe cheusi, ndipo anaifunika. Kwa hiyo siku nilipoketi mbele ya laptopu yake ya Windows nikamwambia kwamba haijaanza upya kwa siku 34, alinitazama kana kwamba nimemwita mwongo.

"Jana usiku nimeizima kwa mkono wangu huu, mwanangu."

"Naamini, shangazi. Hebu njoo uone lakini."

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaenda penye grafu ya prosesa. Chini yake kuna saa ndogo isiyotazamwa na mtu, inayohesabu muda ambao mfumo umekuwa macho. Siku 34, saa 7 na dakika zake. Akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma.

Hakuna aliyesema uongo kati yao. Tangu Windows 8, mfumo huu una mtindo wa kuwaka haraka. Ukiuzima, unafunga programu zako na kukutoa nje, lakini kerneli, yaani kiini cha mfumo, na viendeshi vyake, yaani programu zinazoendesha vifaa, haviagi. Vinaandikwa kwenye diski jinsi vilivyo, na asubuhi vinarudishwa vilevile. Ni usingizi mzito tu. Anayetaka mashine ianze mwanzo kabisa inabidi achague kuwasha upya, kitufe ambacho watu wengi hudhani ni chepesi kuliko kile cha kuzima. Microsoft wenyewe wameandika kwamba baadhi ya masasisho huenda yasikamilike kwa kuzima kwa namna hii. Yanashuka, yanakaa kwenye diski, yanangoja. Shangazi alikuwa akiona alama ya kusubiri kule pembeni na kudhani kila usiku anaimaliza.

Tukawasha upya. Mashine ikahangaika kwa muda, ikazunguka mara mbili, ikarudi. Mimi nikakunja mikono kama fundi aliyemaliza kazi. Kumbe nilikuwa sijaanza.

Nilianza pale nilipofungua orodha ya programu zilizowekwa na kuipanga kwa tarehe. Huduma ya masasisho ya Windows huutunza mfumo wenyewe, kinga yake dhidi ya virusi, na bidhaa chache za jamaa yake. Zilizotoka kwenye duka la Microsoft hutunzwa na duka. Vivinjari kama Chrome na Firefox hujitunza vyenyewe, mradi tu uvifunge na kuvifungua tena, jambo ambalo mwenye vichupo 60 hatalifanya kwa hiari. Zilizobaki? Kisomaji cha PDF cha miaka minne iliyopita. Kicheza video. Kifaa cha kufungulia mafaili yaliyobanwa. Java iliyowekwa kwa ajili ya fomu moja, mara moja, siku moja. Na programu ya printa ambayo hata printa yenyewe ilishakwenda na maji.

Hizi ndizo ninazoziita programu zisizo na mwenyewe. Aliyezitengeneza anaweza kuwa hai na kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu, anakitoa kila baada ya miezi michache. Shida ni kwamba hakuna njia ya kiraka hicho kufika kwenye mashine hii pasipo mtu kwenda kukitafuta. Na hakuna aendaye. Kompyuta inasema "mfumo wako umesasishwa", tena inasema kweli, kwa sababu inazungumzia mfumo tu. Wapangaji hauwajui.

Kuna mfano mmoja ambao siuchoki. WinRAR, programu ya kubana mafaili ambayo karibu kila mtumiaji wa Windows amewahi kukutana nayo, haijisasishi yenyewe. Ni wewe uende ukaichukue. Mwezi Februari 2019, watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Check Point walitangaza kwamba ndani yake mna udhaifu uliokaa kwa takriban miaka 19. Ulikuwa kwenye faili moja dogo, UNACEV2.DLL, lililokuwa likitumika kufungua mafaili ya aina ya ACE. Mshambuliaji angeweza kutengeneza faili lililobanwa ambalo, ukilifungua, linadondosha programu yake kwenye folda ya vitu vinavyoanza pamoja na mashine. Walipoulizwa waliziba vipi, wenye WinRAR walijibu kwa uaminifu unaoshangaza: faili hilo halijaguswa tangu 2005, na msimbo wake asilia hawakuwa nao. Wasingeweza kulitengeneza, basi wakaling'oa zima zima, na ACE ikaondoka nalo. Yaani programu isiyo na wa kuileta ilikuwa imebeba mgongoni nyingine isiyo na wa kuitengeneza.

Miaka minne baadaye, udhaifu mwingine kwenye WinRAR ulizibwa katika toleo 6.23, Agosti 2023, ukiwa umeshatumika tangu Aprili kuwaibia watu wanaocheza na masoko ya fedha mtandaoni. Waliosasisha Agosti walipona. Wale wenye toleo la miaka mitano nyuma hadi leo wanaendelea kulifungulia mafaili wanayotumiwa kwa baruapepe.

Kwenye Windows ya sasa kuna dawa ambayo watu wachache wanaijua. Fungua dirisha la amri, andika `winget upgrade`, utaletewa orodha ya programu zilizopitwa na wakati, hata zile ambazo hukuziweka kwa njia hiyo. Ukiongeza `--all`, inazisasisha moja baada ya nyingine. Kwa shangazi ilitaja 11. Mbili hazikuwemo, kwa kuwa winget huzisasisha zile tu ilizo na habari zake. Mojawapo ilikuwa ile ya printa.

Sasa nijiseme na mimi, maana nilikuwa nimeanza kujivuna. Kompyuta yangu ya kazi haitumii Windows bali Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, na watu wa Linux tuna ugonjwa wa kuwaonea huruma wenzetu. Kwa kiasi fulani tuna haki. Kwetu programu karibu zote huingia kwa mlango mmoja: hazina ya usambazaji, yaani ghala la programu linalotunzwa na wenye mfumo, ambamo kila orodha ya vifurushi ina sahihi ya kidijitali na mashine hukataa isiyotambulika. `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`, na mfumo, kivinjari, kisomaji cha PDF na kifungua mafaili yaliyobanwa vyote vinasogea pamoja. Aina nyingine za Linux zina chao: Fedora wana `dnf`, Arch wana `pacman`. Mantiki ni ileile. Ukiweka `unattended-upgrades`, viraka vya usalama vinaingia wewe ukiwa umelala.

Lakini mlango mmoja mkubwa unakufanya usahau madirisha. Nilipotoka kwa shangazi nikaamua kujikagua, nikakuta kwenye folda ya `/opt` programu ya kuchora michoro niliyoipakua kutoka tovuti ya watengenezaji wake miaka mitatu nyuma. `apt` haikuwahi kuisikia. Kulikuwa na AppImage mbili, yaani programu nzima ndani ya faili moja, kwenye folda ya vipakuliwa, kifurushi cha `.deb` nilichokiweka kwa mkono, na mlolongo wa maktaba, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, za lugha ya Python nilizoziingiza kwa amri ya `pip` kwa ajili ya jaribio la usiku mmoja. Kila kimoja nilikiweka nikiwa na haraka, nikijiambia nitakirudia. Nilimcheka shangazi kwa vitu 11. Mimi nilikuwa na 14.

Nikakuta na jambo la pili, nalo linafanana sana na ile saa ya siku 34. Linux haikusumbui kuwasha upya, na wengi huihesabu hiyo kuwa sifa. Unapoisasisha maktaba wakati inatumika, faili la zamani linafutwa jina lake kwenye diski na jipya linakaa mahali pake, lakini programu iliyokwishalifungua lile la zamani inaendelea kulishika. Itaendelea nalo hadi ifungwe. Ukiandika `sudo lsof` na kuchuja mistari yenye neno `DEL`, utaziona: programu zinazotembea na mafaili ambayo kwenye diski hayapo tena. Kwangu ilikuwa seva ndogo ya tovuti iliyokuwa imeshikilia toleo la OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, ambalo `apt` iliapa kwamba imeshaliondoa. Orodha ya vifurushi ilikuwa safi, na udhaifu ulikuwa hai, kwenye kumbukumbu, ukihudumia wageni.

Hili liliwauma wengi Aprili 2014, ulipotangazwa udhaifu wa Heartbleed. Uliwezesha mtu wa nje kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, ikiwemo funguo za siri na nywila za watu. Kuweka OpenSSL 1.0.1g ilikuwa dakika moja. Baada ya hapo ilibidi uanzishe upya kila huduma inayoitumia, kisha ubadilishe funguo na vyeti, kwa kuwa hukujua nani ameshachota nini. Siku hizi kuna chombo kiitwacho `needrestart` kinachokuambia baada ya sasisho ni huduma zipi bado zina vya zamani mkononi, na Ubuntu huacha faili `/var/run/reboot-required` kama barua mezani. Kisome. Kompyuta haitakupigia simu.

Mac nitaipita haraka, kwa sababu mwenye Mac nyumbani kwetu ni binamu yangu na haniruhusu kuigusa. Mfumo hujisasisha vizuri, programu za App Store hutunzwa na App Store. Zile ulizozivuta mwenyewe hadi folda ya programu zinategemea adabu ya aliyezitengeneza: nyingine zina kijisehemu cha kuuliza kama kuna toleo jipya, nyingine zimenyamaza. Mwenye Homebrew, chombo cha kuleta programu kwa amri, ana `brew upgrade`. Kinachonikera ni kwamba Apple hawatangazi tarehe ya mwisho ya matoleo ya zamani ya macOS. Kwa desturi viraka huja kwa toleo la sasa na mawili yaliyolitangulia, ila wao wenyewe wanasema si kila udhaifu unaojulikana hushughulikiwa kwenye matoleo ya nyuma. Ukiwa toleo mbili nyuma unapata masasisho na bado una matundu, na hakuna kinachokuonyesha tofauti.

Kwa nini haraka yote hii? Kiraka, siku kinapotoka, ni dawa na ni ramani kwa wakati mmoja. Wapo watu ambao kazi yao ni kuliweka faili la zamani kando ya jipya na kutazama ni wapi pamebadilika. Palipobadilika ndipo palipokuwa na tundu, na kila asiyesasisha bado analo. Ndiyo maana WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, inafaa kukumbukwa kwa tarehe zake. Microsoft walitoa kiraka cha udhaifu ule, MS17-010, tarehe 14 Machi 2017. Katikati ya Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani chombo cha kuutumia, EternalBlue, kilichotokana na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Tarehe 12 Mei WannaCry ikaanza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta pasipo mtu kubonyeza chochote, ikayafungia mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Kati ya kiraka na balaa zilipita siku 59. Ilipunguzwa kasi na kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba programu ile inaulizia jina fulani la tovuti lisilokuwepo, akalisajili, nayo ikanyamaza. Hakujua kabla kwamba itanyamaza.

Haya, nimesema hivyo, na bado simcheki anayeogopa masasisho. Ana sababu. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaangukia kwenye kioo cha bluu cha hitilafu. Ndege hazikuruka. Tiba ilikuwa kwenda kwenye kila mashine, kuiwasha katika hali salama na kufuta faili hilo kwa mkono. Na mwaka 2017, wiki chache tu baada ya WannaCry, programu hasidi nyingine, NotPetya, ilianza safari yake ndani ya sasisho halali la M.E.Doc, programu ya uhasibu ya Ukraine. Waliokuwa waangalifu wa kusasisha ndio waliotangulia kuumia.

Mimi mwenyewe nimewahi kusasisha kila kitu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, tena bila nakala rudufu mpya. Kiendeshi cha kadi ya picha hakikuelewana na kerneli mpya. Nikawasha, kioo cheusi. Nikawasha tena, cheusi. Kilichoniokoa ni ile menyu ya mwanzo ambayo siku zote huwa naipita: ndani yake kulikuwa na kerneli ya zamani, mfumo haukuwa umeitupa. Nikaichagua, mashine ikawaka, nikamaliza kazi saa kumi alfajiri huku nikiapa viapo ambavyo sikuvitimiza vyote.

Kilichonibadilisha mawazo kuhusu neno "sasisha" ni kisa cha xz, Machi 2024. xz ni chombo kidogo cha kubana data, kimo karibu katika kila Linux, na kilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja aliyekuwa amechoka. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan. Akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa ufunguo. Kisha ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa nyuma uliolenga njia ambayo wasimamizi huingilia kwenye seva kutoka mbali. Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund, ambaye wala hakuwa akitafuta wadukuzi. Aliona tu kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa kama nusu sekunde, nusu sekunde ile ikamkera, akaifuatilia.

Waliokuwa hatarini ni waliokuwa kwenye matoleo ya majaribio, wale tuliozoea kuwaita wako mbele. Debian thabiti ilikuwa na xz ya zamani na haikuguswa. Ndipo nikaelewa kwamba kuwa na viraka na kuwa na toleo jipya ni mambo mawili. Debian huchukua kiraka peke yake na kukishonea kwenye toleo la zamani bila kuleta vipya vingine, kiasi kwamba ukisoma namba ya toleo unaweza kudhani umeachwa nyuma. Kivinjari ninakisasisha papo hapo, kwa kuwa ndicho kinachokutana na wageni siku nzima. Viraka vya mfumo ninavipa siku mbili tatu kwenye mashine moja kabla ya kuvipeleka kwa za watu wengine. Kiendeshi ambacho hakina tatizo wala tangazo la usalama, nakiacha kilipo. Mtu mwingine atapanga tofauti, sina ugomvi naye, mradi asiniambie atafanya "nikipata nafasi".

Kuna hali moja ambayo hakuna amri ya kuiponya. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu ya shangazi ina Windows 10. Inawaka vizuri, betri inakaa, kibodi haina herufi iliyofutika. Windows 11 inaikataa kwa sababu haina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mfumo huo unaidai. Hapa aliyepoteza mwenyewe ni mfumo mzima. Microsoft wameweka mpango wa kuongeza viraka vya usalama kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, nikamsajilia huo. Nikamweleza kwamba baadaye tunaweza kuiwekea Linux.

"Itakuwa na ile michezo yangu ya karata?"

"Itakuwa nayo, shangazi."

"Basi hiyo Linuksi tutaongea."

Siku ile niliondoa zaidi kuliko nilivyosasisha. Java ikaondoka. Kisomaji cha PDF kikaondoka, kwa kuwa kivinjari kinasoma PDF na tayari kina wa kukitunza. Programu ya printa iligoma mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Kwa zilizobaki nikachukua daftari lake, nikachora mistari miwili: jina la programu upande huu, upande wa pili ni nani anayeleta masasisho yake. Windows. Duka. Yenyewe. Winget. Ilitosha nusu ukurasa.

Nilipokuwa naagana akanyoosha kidole kwenye ruta, kile kisanduku cheupe juu ya kabati chenye taa mbili za kijani. "Na hicho? Nacho si kompyuta?"

Nikarudi kuketi. Nikaingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, nikatafuta tarehe ya programu yake ya ndani: ilikuwa na umri mkubwa kuliko laptopu. Nikaenda kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, nikaandika namba ya modeli, na tovuti ikaniletea ruta tatu nyingine ambazo sikuziulizia. Shangazi alikuwa ameshaandika "ruta" kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kulalia, ameshika kalamu, ananingoja nimwambie aandike nini upande wa pili.